Kilichoingia Hakikutoka

Kompyuta ya Agustina ilianza kwa kupiga hodi. Naam, hodi, sijui niite nini kingine. Kila aliyewahi kuchomeka flashi anaijua ile milio miwili: mmoja unapanda, maana yake kitu kimeingia, mwingine unashuka, maana yake kitu kimetoka. Sasa wewe niambie, mtu amekaa peke yake dukani, hajachomeka flashi wala simu, na mashine inalia kwamba kitu kimeingia. Kinakaa kidogo. Halafu inalia kwamba kimetoka. Agustina aliinama akachungulia nyuma, akaona nyaya zake zilezile na vumbi lake lilelile, akarudi kitini akaendelea kuchapa barua ya mteja.

Steshenari yake ilikuwa Mugumu, ng'ambo ya barabara ukitokea sokoni. Chumba cha mbele ndiyo duka. Cha nyuma alilala yeye, mwanawe Daudi ambaye hata kukaa alikuwa bado, na mama mkwe wake, Mokami, aliyetoka Kemambo huko Tarime kuja kulea mjukuu. Mumewe, Amos, alikuwa dereva wa hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma, na nyumbani alionekana wageni wakipungua tu.

Mokami hakuwahi kuipenda ile mashine, na hakuwa mtu wa kuficha.

"Kitu gani hiki kinaongea peke yake mchana kutwa?" aliuliza. "Hata kichaa anapumzika."

"Ni kompyuta tu mama, usiisikilize."

Lakini haikuwa milio peke yake. Kila mlio wa kuingia ulipolia, duka lilijaa harufu ya ngozi mbichi iliyonyeshewa mvua. Mlio wa kutoka ukilia, harufu inaondoka. Na Daudi, aliyelazwa kwenye mkeka nyuma ya meza, alikuwa akigeuza kichwa taratibu, macho yakifuata kitu kutoka kwenye mashine mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine. Agustina aliliona hilo, na aliamua kutoliona. Kilichomuudhi yeye ni kibodi kufa katikati ya neno, na printa kumeza karatasi za watu na kunyamaza. Wateja walianza kununa. Akampigia simu fundi Vincent.

Huyo Vincent alikuwa kijana anayejulikana mji mzima kwa mambo mawili, kuijua kazi na kujisifu. Alikaa kwenye kiti cha Agustina bila kuambiwa karibu, akasikiliza mlio ukipanda, akasikiliza ukishuka, akacheka.

"Dada, mashine yako haiumwi. Ni bahili tu. Inabana umeme. Ikiona tundu la kuchomekea halina kazi inalizima, ndiyo unasikia kitu kimetoka. Ikishtuka inaliwasha, kitu kimeingia. Mchana kutwa hivyo hivyo, na kibodi na printa zinakatika humohumo. Sogea uone."

Akafungua mipangilio ya umeme, akaingia ndani zaidi mpaka kwenye matundu yenyewe. Kila tundu lilikuwa na kiboksi chenye tiki, na maneno kwamba kompyuta inaruhusiwa kukizima kifaa hiki ili kuokoa umeme. Vincent akawa anatoa tiki moja baada ya nyingine. Mwishoni akakuta kifaa kimoja kisicho na jina.

"Na hiki je? Hakijulikani. Hakuna jina, hakuna kampuni." Akakiangalia kidogo. "Potelea mbali, nacho hakizimwi." Akatoa tiki. Halafu akaiamuru mashine isilale kabisa, hata kama hakuna anayeigusa.

Mlio wa kuingia ukalia. Wote wakangoja ule wa kushuka. Haukuja. Wakangoja tena. Kimya.

Vincent akapiga kofi la furaha. "Umeona? Kimeingia na hakitoki tena!"

Mokami alikuwa mlangoni akichambua mchicha. Akainua uso. "Kitu gani, mura, kijana wangu?"

"Aah, bibi, ni lugha ya kazi tu," Vincent alisema, akafunga mkoba wake.

Kazi ilienda vizuri, usifikiri nadanganya. Kibodi haikukatika, printa haikumeza. Ila harufu ya ngozi mbichi ilikaa. Agustina alideki kwa sabuni, akafungua dirisha, akahamisha hata ndoo ya taka, na harufu ikabaki palepale, na feni ndogo iliyomo ndani ya mashine ikaanza kuvuma kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia, inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Na Daudi akaanza kulia.

Jamani, kuna kulia na kulia. Mtoto huyu alilia kuanzia asubuhi, akalia akiogeshwa, akalia mgongoni, akalia mpaka sauti ikakwaruza na bado akalia. Hospitali walimpima wakasema hana homa, tumbo halijajaa, kila kitu sawa. Agustina alirudi nyumbani macho mekundu, na mama mkwe wake akamwambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Huyu haumwi. Huyu analilia jina."

Kwa watu wa Mokami, mtoto anayelia bila ugonjwa ana ujumbe. Kuna marehemu wa ukoo anataka kuitwa tena duniani, na mtoto ndiye anayemlilia. Dawa yake ni moja: mama ampakate mtoto, bibi ataje marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na kwa kila jina mtoto apewe ziwa. Jina ambalo akilisikia atanyonya na kunyamaza, ndilo lake. Daudi la ubatizo libaki kanisani, hakuna ugomvi.

Mokami alitaka wakafanyie chumbani, mlango umefungwa, wawe watu wa ukoo tu. Agustina alikuwa na mteja aliyesema anarudi sasa hivi, na amechoka, na kichwa kinamgonga.

"Fanyia hapahapa, mama," alisema. "Nisiache duka wazi."

"Hapa? Mbele ya hili lidude?"

"Mama, nakuomba. Mtoto anakufa kwa kulia."

Wakafanyia pale. Agustina akakaa kwenye kiti chake, mgongo kwa mashine, Daudi mapajani. Mokami akasimama mbele yake na kuanza. "Ni wewe Nyangwine?" Mtoto alilisukuma ziwa. "Ni wewe Matiko?" Akalia zaidi. Akataja kaka, akataja mashangazi, akataja mpaka kitoto kimoja kilichokufa na surua zamani. Mwisho, kwa sauti ndogo, akataja jina la marehemu mume wake, baba yake Amos.

Nyuma ya Agustina, mashine ikalia mlio wa kuingia. Mara moja tu, wazi kabisa. Ndipo Daudi akanyamaza.

"Ni yeye!" Mokami alipiga magoti chini, machozi yanamtoka. "Baba Amos amerudi! Oo, mume wangu, umerudi!"

Agustina alitaka kusema kwamba iliyoitikia kwanza ni mashine. Alitaka kusema kwamba mtoto hakunyonya, amenyamaza tu, mdomo wazi. Lakini utamwambiaje mama wa watu anayelia kwa furaha? Akanyamaza, na kimya kile alikijutia sana.

Tangu saa ile Daudi hakulia tena. Hakulia kwa njaa, hakulia akiwa amelowa. Kliniki alichomwa sindano ya chanjo na wala hakukunja uso. Nesi akamsifu kwamba ana mtoto mpole, na Agustina akatoka pale bila kushukuru. Nyumbani, Mokami akimwita mjukuu kwa jina lile jipya, mtoto hageuki. Inayoitika ni mashine, mlio wa kupanda, tii-tu, kama mtu anayesema naam. Na Mokami, badala ya kushtuka, alicheka, akavuta kigoda akakaa mbele ya kile kioo, akawa anakisimulia habari za Kemambo, nani kaoa, ng'ombe gani kazaa. Alifika hatua ya kukiwekea sahani ya ugali.

Alasiri moja duka lilikuwa tupu. Agustina alisikia kilio. Kilikuwa mbali, chembamba, kimekwaruza, na maziwa yakamtoka yenyewe kifuani kwa sababu mwili wa mama haudanganyiki. Akamtazama Daudi pale kwenye mkeka. Mtoto alikuwa kimya, macho darini. Kilio kikaendelea. Akakifuata, akachomoa spika, na kilio hakikukoma, akainama zaidi, sikio likagusa bati la moto la mashine, na mle ndani, nyuma ya ule uvumaji wa kuvuta na kuachia, alikuwamo mwanawe analia, analia kama alivyokuwa akilia siku zile, analia anaita.

Agustina alipiga yowe na kubonyeza kitufe cha kuzima, akakikandamiza mpaka kioo kikawa cheusi na feni ikasimama. Akageuka kumchukua mtoto. Daudi alikuwa amelegea. Midomo ilikuwa inabadilika rangi, kifua hakipandi, mikono imepoa ghafla, na alipomtikisa kichwa kiliangukia upande bila uzito wowote, na sijui ni akili gani ilimwongoza, maana mwingine angekimbilia barabarani, yeye alikimbilia kitufe, akabonyeza, akangoja huku akimpulizia mtoto puani, akangoja, na feni ilipovuta pumzi yake ya kwanza Daudi naye akavuta yake.

Mokami alifika mbio kutoka uani.

"Umemfanya nini?"

"Mama, sikiliza. Si baba Amos yule. Kuna kitu kimemshika mtoto, kiko humu, nikizima mtoto anakufa!"

"Unazima?" Uso wa Mokami ulibadilika. "Unataka kumfukuza mume wangu nyumbani kwa mwanawe? Wewe msichana, nimekuvumilia mengi."

"Sio mume wako!"

"Gusa tena hiyo kitu uone!"

Walisimama wakitazamana kwa chuki, wawili waliokula sahani moja ya ugali jana yake, na kati yao mashine ikivuma taratibu. Agustina aliona wazi kwamba kile kitu kinastarehe.

Alimpigia Vincent, akamwambia njoo sasa hivi urudishe ulichoondoa. Halafu akajifunga khanga, akavuka barabara mpaka sokoni kwa Tabitha. Mchana Tabitha aliuza dagaa. Shida ikikubana alikuwa mganga, na watu wa kanisa la Agustina walimwendea kwa mlango wa nyuma. Agustina alimwendea mbele ya watu wote. Tabitha alisikiliza akifunika dagaa zake, kwa maana wingu zito lilikuwa linakuja kutoka upande wa mbugani.

"Huyo si mzimu," alisema. "Mzimu una kwao. Hilo ni jini la njiani, halina kwao wala halina jina, linaingia penye mlango na kutoka, linaingia na kutoka. Lilikuwa linapita tu, mama! Nyinyi mkaufunga mlango likiwa ndani. Na hiyo haikuwatosha, mkalipa jina la mwenye nyumba. Sasa limekaa kwenye kiti chake. Tangulia, nakuja. Umeme ukikatika tumemkosa mtoto."

Mungu wangu. Agustina hakuwa amefikiria umeme. Mugumu, wingu lile, na umeme ambao hukatika hata kwa manyunyu! Alikimbia. Alikuwa anaingia mlangoni radi ilipopiga, na taa ya dukani ikazimika.

Mashine haikuzimika. Chini ya meza kulikuwa na betri ya akiba, ile inayodumu kwa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima, na sasa ilianza kulia, pii, pii, pii. Kioo kiliangaza chumba kizima kwa mwanga wa buluu. Vincent alikuwa kitini, jasho linamtiririka, kujisifu kote kumekwisha.

"Naweka tiki, inaondoka," alinong'ona. "Ona dada. Naweka, inaondoka. Mimi sijagusa. Kile kifaa kisicho na jina... sasa kina jina. Hebu soma."

Agustina alisoma. Lilikuwa jina la baba mkwe wake.

Tabitha aliingia na harufu ile ikamfanya ateme mate mlangoni. Hakuleta kibuyu wala usinga. Alimshika Mokami mabega, akamgeuza akitazame kioo.

"Mama, uliyempa jina ni wewe. Mnyang'anye. Sema si lake. Ukisema kwa moyo wote litapoteza kiti, na kijana ataweza kufungua mlango."

"Siwezi," Mokami alisema kwa sauti ndogo. "Nimekaa mjane miaka yote."

"Mama, tazama mjukuu wako!" Agustina alimsogezea Daudi usoni. "Mtazame!"

Mokami akamtazama. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na feni, na feni ilikuwa inapungua kasi. Bibi akakigeukia kioo.

"Wewe si mume wangu."

Ndipo kikaongea. Spika zilikuwa zimechomolewa, ziko sakafuni na waya wake, na sauti ikatoka hapohapo sakafuni, sauti nzito ya mwanaume mtu mzima, Kikurya kilekile cha Kemambo, ikimwita Mokami kwa jina la utani ambalo hakuna aliye hai aliyelijua, ikimwambia nimetoka mbali, miguu imeniuma, nimelala porini na mvua hii hii inaninyeshea, na wewe uliyeniita kwa kinywa chako sasa unanirudisha njiani? Vincent aliacha kibodi na kuziba masikio. Betri ikaanza kulia bila kupumzika, piiiii, na Tabitha akapiga kelele kwamba mnyang'anye, mnyang'anye, muda umekwisha, na Agustina alihisi mtoto akipoa mikononi kuanzia vidoleni, akawa hasemi tena maneno, anasema tu mama, mama, mama, na hakujua kama anamwita Mokami au mama yake mzazi au Mungu.

Mokami akafumba macho. Hakusema lile aliloambiwa aseme.

"Ni hilo unalolitaka?" alisema. "Jina? Chukua. Lichukue lote, na yaliyomo yote. Mimi nakupa, liwe lako, uende nalo usirudi. Lakini mtoto si wako. Mtoto muache."

"Hapana mama!" Tabitha aliruka. "Si hivyo!"

Kioo kikatulia. Vincent, bila kuziona vizuri herufi kwa machozi, akaweka tiki. Ikakaa. Mlio wa kushuka ukalia, harufu ikawapita wote ikitoka mlangoni, ya baridi na ya majimaji, na betri ikafa. Giza.

Humo gizani Daudi alilia. Loo, alilia huyo! Alilia kwa mapafu yote, akalivamia ziwa la mama yake kwa njaa, akaacha ili alie tena, na Agustina alikuwa anacheka na kulia amekaa sakafuni, akimbusu nyayo, akimwambia lia baba, lia, lia hata mpaka asubuhi. Hata Vincent alikuwa anacheka kama mlevi.

Tabitha peke yake hakucheka. "Nilimwambia anyang'anye," alisema akijifunga kilemba. "Yeye ametoa. Mimi hapo siwezi kitu." Akatoka kwenye mvua bila kuaga.

Asubuhi Amos aliingia na tope la Ikoma kwenye viatu, kwa maana mkewe alikuwa amempigia simu usiku. Mokami alikuwa amekaa mlangoni pa duka, amempakata Daudi, mzima, ametulia, anamchezesha vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mteja. "Umekuja kuchapisha? Mwenye duka yuko ndani."

Amos akacheka. "Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Amos, mama. Mwanao."

Mokami alitikisa kichwa polepole. Akamwambia atakuwa amepotea nyumba. Yeye hajawahi kuolewa, atapata wapi mtoto? Agustina alikuwa ametokea mlangoni na kitambaa mkononi, na alisimama palepale. Amos akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akachuchumaa mbele yake na kumshika magoti.

"Mama, usinitanie. Mimi ni mwanao, wewe na baba mlinizaa Kemambo."

"Haya, kijana," Mokami alisema, bado mpole. "Huyo baba yako anaitwa nani?"

Amos alifungua mdomo ajibu. Akaufunga. Akaufungua tena. Akamgeukia Agustina ili amsaidie, na Agustina, aliyelisoma jina hilo jana kwenye kioo kwa macho yake, akalitafuta kichwani, akalitafuta, na hakukuta kitu.